Mchanga Machoni mwa Mwonja Nta

Meno yake yalikuwa meupe kuliko ya kijana, na ndiyo yaliyomlisha. Naanza na meno kwa sababu Tabora yote ilimjua kwa meno. Habari za ukoo wake na mahali alipozaliwa waulizeni wanaozipenda habari hizo. Mimi nilikuwa nauza chai na vitumbua mlangoni mwa ghala la nta, upande wa Kanyenye, miaka ile Mwingereza anatawala, na kwa miaka mingi mteja wangu wa kwanza asubuhi alikuwa yeye. Sote tulimwita Mwonja Nta. Hata mkewe akikasirika alimwita hivyo hivyo.

Kwa asiyeijua kazi ile, ngoja nieleze. Warina asali wakitoka porini huchemsha masega, wakayakamua kwa kitambaa, wakaiacha nta igande ndani ya bakuli. Ikitoka humo inakuwa donge la mviringo, zito, la manjano, na harufu yake mimi niliipenda kuliko asali yenyewe. Madonge hayo yalifika kwetu kwa baiskeli, kwa kichwa na kwa treni, kutoka Usinge na kila upande wenye misitu. Wengi walileta nta ya haki. Wachache walitia mafuta ya kondoo, au unga wa muhogo, au mchanga, ili donge lizidi uzito. Kazi ya Mwonja Nta ilikuwa kuvunja ukingo wa donge, kuunusa, kuutafuna, kuutema, halafu kusema neno moja kati ya mawili: "Safi," au "Imeghushiwa."

Likiwa safi, donge liliingia ghalani. Likiwa limeghushiwa, lilikatwa msalaba kwa panga na kutupwa nje ya lango, karibu kabisa na jiko langu, kila apitaye alione. Aliyekatiwa donge alirudi kwao kichwa chini, na msimu ule hakupata mtu wa kwenda naye kambini. Nani akubali kulala msituni wiki tatu na mtu aliyeitwa mghushi? Neno la yule bwana lilikuwa zito, naye mwenyewe alilijua hilo.

Basi akautunza ulimi wake mpaka akatuchosha. Tumbaku hakugusa. Pilipili hakugusa. Asali, mtu wa nta, hakulamba hata tone, eti inaulevya ulimi. Chai yangu ya tangawizi, iliyosifiwa mpaka stesheni, aliikataa, ikabidi kila asubuhi nimchemshie birika lake peke yake.

"Kaka, chai bila tangawizi ni maji ya kunawa," nilimwambia.

"Basi nipe hayo maji ya kunawa, dada, na sukari vijiko vitatu."

"Asali hapana, sukari vijiko vitatu?"

"Sukari ni ya dukani," alijibu, akaona amenieleza kila kitu.

Ndivyo alivyokuwa, mtu wa mambo mawili yasiyopatana. Kazini alisema neno moja tu, lakini kwenye salamu alikuwa hana mwisho. "Mwangaluka, baba," alimwambia mrina asali wa porini, kisha akaulizia nyuki kabla ya mke na watoto, akaulizia mvua, akaulizia mguu ulioteguka mwaka juzi. Alilia kwenye misiba ya watu asiowajua. Hata hivyo siku moja shemeji yake, ndugu wa tumbo moja na mkewe, alileta donge lenye mafuta, naye akalikata msalaba bila kupepesa jicho. Mkewe akamnunia wiki mbili. Wiki hizo mbili alikula vitumbua vyangu asubuhi, mchana na jioni, na wala hakulalamika.

Kanisani aliimba kwa moyo wote na kwa sauti mbaya ajabu. Padri, mtu mpole, akampa kazi ya kubeba msalaba mbele ya maandamano, nadhani ili apate la kufanya zaidi ya kuimba. Haikusaidia. Alibeba huku akiimba.

Na njia zake! Kutoka kwake hadi ghalani kulikuwa na barabara nzuri ya maduka, pana, iliyonyooka. Hakuipita hata siku moja jua likiwa limechomoza. Alizunguka vichochoroni Mtendeni, kofia pana imeshushwa mpaka puani, akatokea kwetu amechelewa na ana vumbi mpaka magotini. Watu wakasema ana mwanamke huko nyuma. Mkewe akayasikia, akamfuata siku moja na mwiko mkononi. Akamkuta anatembea peke yake, ameinamisha kichwa, anaimba wimbo wa kanisa. Barabara ya maduka ilikuwa imejaa mabati mapya, na yeye aliogopa mng'ao wa jua juu ya bati kuliko alivyoogopa simba.

Sasa nifike kwenye macho.

Kipandauso sote tulikijua. Bibi yangu alikuwa nacho, kichwa kinauma nusu, unatapika, unataka giza na kimya. Lakini kile kinachotangulia kipandauso, kwake yeye, pale ghalani hakuna aliyekijua. Alikuja kunieleza baadaye sana. Inaanza, alisema, na doa dogo, lile unaloliona ukilitazama jua kisha ukafumba. Doa halipotei. Linakua, linajikunja mithili ya mundu, na ukingoni linaota meno yanayong'aa na kutetemeka. Yeye aliuita ule ugonjwa msumeno. Popote msumeno ulipopita, vitu vilikatika nusu.

"Nikikutazama saa hiyo, dada, una sikio moja na nusu mdomo."

"Angalau unapumzika na nusu ya maneno yangu," nikamwambia.

"Hapana. Maneno nayasikia yote," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Ulidumu kwa muda wa vikombe viwili vya chai vinywewavyo bila haraka. Kisha mwanga ulijiondokea wenyewe, na maumivu yakaja. Siku nyingine maumivu hayakuja kabisa, akabaki anashangaa tu.

Mimi mwenyewe, Mungu anisamehe, nilimkosea. Asubuhi moja, kabla sijajua lolote, alinywa chai yake akashusha kikombe pembeni ya meza, hewani. Kikavunjika. Nikapandisha sauti, nanyi hamjui sauti yangu ya siku zile: "Jamani, mwoneni! Mwonja Nta kalewa asubuhi yote hii!" Foleni nzima ikaangua kicheko. Mtu ambaye hajawahi kuonja pombe! Naye hakujitetea. Alilipa kikombe, akainama, akaenda zake kazini. Tangu siku ile watu walisema anakunywa kwa siri, naye akawaacha waseme hivyo miaka na miaka.

Nilipomuuliza baadaye kwa nini alikubali jina lile baya, alinijibu taratibu: "Mlevi huambiwa nenda kalale, uje kesho. Mwenye macho mabovu ataambiwa nini?"

Nyumba aliyokaa ilikuwa ya ghala. Akifukuzwa kazi, yeye, mke na watoto wanne wangelala nje. Lakini kulikuwa na hofu nyingine chini ya hiyo. Mama mkwe alisema ni pepo, akaleta wapiga ngoma, akamchanja chale mbili juu ya nyusi. Pepo hakujitokeza. Akaenda hospitali, wakamwangaza machoni kwa tochi, wakamwambia macho yako mazima kabisa, wakampa vidonge vyeupe vya kichwa. Mwingine angefurahi. Yeye alitoka pale na hofu kubwa zaidi. Kama macho ni mazima, basi ninachokiona kinatoka wapi? Aliamini anaingia wazimu kidogo kidogo. Na hilo alimwambia mkewe tu, kwa miaka yote ile.

Halafu ukaja msimu wa donge la Usinge.

Mwaka ule nta ilikuwa nyingi, foleni imefika barabarani, jua kali. Kulikuwa na bwana mmoja wa Usinge, mtu mzima, mzee wa kanisa kwao, mwenye sauti ya chini. Alileta madonge manne kwa treni. Mwonja Nta akavunja ukingo wa donge la kwanza, akatazama pale palipovunjika, akaona chembechembe zinametameta. Mchanga! Hakulitia mdomoni. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakulitia mdomoni, maana foleni ilikuwa ndefu na mchanga ulionekana wazi. "Imeghushiwa," akasema. Panga likashuka, madonge yote manne yakakatwa msalaba. Bwana wa Usinge aliinama chini. Akaokota vipande vyake mbele ya jiko langu, kimoja kimoja, akavifunga kwenye shuka. Nilimpa chai. Hakunywa.

Donge lililofuata lilikuwa la mtu mwingine. Nalo likametameta. Mwonja Nta akainua uso, na chembe zile zikahamia kwenye ukuta, kwenye mizani, kwenye birika langu. Ndipo akaelewa. Hakukuwa na mchanga ndani ya nta. Ulikuwa msumeno, umeanza kwa namna ambayo haukuwahi kuanza.

Ungedhani angekimbia stesheni. Hakukimbia. Alinyamaza. Nasema hili kwa sababu watu wakifa tunawapaka sukari, nami sipendi. Alinyamaza siku tatu, na treni ya Kigoma ilishaondoka na yule bwana na shuka lake. Siku ya nne alikuja jikoni kwangu uso umemshuka, akaketi, akanieleza yote: doa, meno, nusu za watu, kikombe kile kilichovunjika. Nilijisikia vibaya mpaka nikaunguza vitumbua.

"Sasa utafanya nini?" nikamuuliza.

"Nitakwenda Usinge."

"Ukienda utabidi useme kuhusu macho. Ukisema, kazi imekwisha."

"Najua."

"Mwandikie barua basi."

"Nilimwita mghushi kwa mdomo, dada, mbele ya watu. Sasa nimsafishe kwa barua?"

Nina dada yangu aliyeolewa Usinge, nikapata sababu, nikapanda naye treni, na mkewe akiwa kati yetu ameshika rozari. Tulifika Jumapili, watu wanatoka kanisani. Yeye akasimama mbele ya mlango, kofia mkononi, jua lote usoni, akasalimia. Safari hii salamu yake ilikuwa fupi.

"Nilisema nta ya ndugu huyu ina mchanga," akasema kwa sauti ya kufika nyuma. "Nta yake haina mchanga. Mchanga ulikuwa machoni mwangu. Nina ugonjwa unaonionyesha visivyokuwepo, nimeuficha miaka mingi, na nimeuficha mpaka nimemharibia mtu jina. Naomba nipewe nta hiyo niionje hapa."

Mtoto mmoja akatumwa, akarudi na shuka. Mwonja Nta akachukua kipande kutoka kila donge, akatafuna mbele ya umati wote. Alitafuna mpaka jasho likamtoka. Akatema kiganjani, akamwonyesha mzee mmoja, akampa mwingine. "Safi," akasema. "Safi. Safi. Safi."

Bwana wa Usinge hakukimbilia kumkumbatia. Alimtazama muda mrefu, na alikuwa na haki ya kumtazama hivyo.

"Na kesho ukiona tena mchanga?" akauliza.

"Kesho nitafumba macho."

"Kila siku?"

"Kila siku. Kila donge. Macho yangu hayataionja nta ya mtu tena."

Ndipo yule bwana akamshika mkono. Akatuchukua nyumbani kwake, tukala ugali na kisamvu, na wenyeji wetu wakamcheka Mwonja Nta alivyokula mboga isiyo na pilipili. Kwenye treni ya kurudi alilala usingizi mzito, mdomo wazi. Mkewe akaniambia hajamwona akilala hivyo tangu waoane.

Kumbe maneno nayo yalipanda treni ile ile. Jumatano meneja alishajua. Alikuwa meneja mpya, kijana wa Kizungu aliyeungua pua, ana miezi michache tu nchini. Akamwita Mwonja Nta uani, mbele yetu sote.

"Wewe macho mbovu," akasema. "Mimi nataka mtu ya macho mzuri. Mwisho ya mwezi wewe kwenda."

"Bwana, mimi sionji kwa macho."

"Kila mtu naonja na macho kwanza."

"Basi nipime," akasema Mwonja Nta. "Changanya mwenyewe unavyotaka. Nipime mbele ya watu wanaoleta nta. Nikikosea donge moja, sitangoja mwisho wa mwezi, nitaondoka siku hiyo hiyo na wanangu."

Meneja akapenda wazo lile. Ikawekwa Jumamosi, madonge kumi.

Ijumaa jioni mpishi wa meneja, mteja wangu wa vitumbua, akaja kunong'ona. Meneja alikuwa ameyeyusha nta jikoni kwake kwa mikono yake mwenyewe. Mpishi alishika hesabu yote: la pili lina unga, la nne lina mchanga, la tisa lina mafuta, mengine yote safi. Mimi sikujiuliza mara mbili. Nilifunga jiko, nikatimua mbio hadi kwake, nikamkuta mlangoni anatengeneza kigoda.

"Kaka, sikiliza. La pili—"

Akaziba masikio kwa viganja vyote viwili. Naapa, mtu mzima yule, aliziba masikio na akaanza kuimba wimbo wa kanisa kwa ile sauti yake mbaya ili asinisikie! Nikamvuta mkono. Akanikemea, na hakuwahi kunikemea kabla wala baada: "Usiniambie! Ukiniambia, kesho nitakuwa naonja maneno yako!"

Nikarudi nyumbani nimekasirika. Watoto wanne, nyumba, kila kitu hatarini, na yeye anaimba.

Jumamosi uwanja ulijaa. Walikuja warina asali kutoka kila njia. Bwana wa Usinge alishuka kwenye treni na wenzake. Hata yule shemeji aliyekatiwa donge alikuwepo, na sidhani alikuja kuombea mema. Madonge kumi yalipangwa juu ya meza yenye shuka jeupe, kila moja na namba yake kwenye karatasi, jua linawaka, na bati la ghala linarudisha mwanga wote machoni mwetu. Nilimpelekea chai. Akanywa, akashusha kikombe. Akakishusha hewani.

Kikavunjika. Mkewe aliona, mimi niliona. Wengine walidhani ni woga. Nikasema kimoyomoyo, basi, yamekwisha.

Yeye akamgeukia meneja, akasema kwa sauti ile ile ya Usinge: "Bwana, nataka ujue, na hawa wote wajue. Msumeno umeanza sasa hivi. Nikikutazama, una pua na sikio moja. Naomba nianze."

Watu wakanung'unika. Meneja akageuka huku na huku, pua yake ikazidi kuwa nyekundu. "Sasa wewe naonaje?"

"Sioni, bwana. Naonja."

Akafumba macho. Akapapasa ukingo wa donge la kwanza, akavunja, akasikiliza mlio wa kuvunjika kwake karibu na sikio, akanusa, akatafuna. "Safi." La pili alitafuna mara tatu tu: "Unga wa muhogo." Mpishi akanikodolea macho. La tatu safi. La nne alilisaga kwa meno ya nyuma, na sisi tuliokuwa karibu tulisikia mkwaruzo. "Mchanga," akasema, na safari hii ulikuwa mchanga kweli. La tano. La sita. Uwanjani mtu akipiga chafya anatazamwa vibaya.

La saba akatafuna. Akaacha. Akatafuna tena.

"Mafuta ya kondoo," akasema. "Kidogo sana, lakini yamo."

Nikamgeukia mpishi. La saba! Mpishi alisema la saba ni safi. Meneja akacheka kwa furaha, akapiga meza. "Hapana! Namba saba safi! Nta ya ghala, mimi nayeyusha mwenyewe!"

Nilimwona mkewe anafunika uso kwa kanga. Shemeji akatabasamu. Mwonja Nta hakufumbua macho. Akanyoosha mkono, akavunja kipande kingine cha donge lile, upande wa chini, akakitafuna kwa muda mrefu, taya linakwenda taratibu.

"Kondoo," akasema. "Na vitunguu."

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha meneja akaacha kucheka. Akageuka nyuma, akamwita mpishi wake. "Hii namba saba, sufuria gani?"

Mpishi alikuwa ameanza kurudi kinyumenyume. "Bwana... ni ile... ile ya Jumapili."

"Jumapili nini?"

"Ya kondoo, bwana. Niliisugua, haki ya Mungu niliisugua."

"Na vitunguu?"

"Na vitunguu, bwana."

We! Uwanja ulipasuka. Wanaume waliruka, wanawake tukapiga vigelegele mpaka kunguru wakahama juu ya ghala. Yule shemeji mwenyewe alikuwa anapiga makofi, kajisahau. Bwana wa Usinge alifika mezani wa kwanza, akamshika Mwonja Nta mabega, naye bado amefumba macho, anasema: "Tulieni kwanza, jamani, yamebaki matatu." Akayaonja matatu yale, moja lina mafuta, mawili safi, hakukosea hata moja. Meneja akavua kofia yake. Sifa yake nampa, alivua kofia mbele ya watu wote, akasema, "Wewe nabaki. Mimi nakosea."

Muda huo huo maumivu yakafika, maana hayakujua kwamba leo ni sikukuu. Tulimwingiza nyuma ya jiko langu penye giza, akatapika, nikamlaza na kitambaa cha maji usoni. Nje watu wanacheza, wanaimba jina lake. Akanivuta upindo wa kanga.

"Dada, waambie wapige vigelegele polepole."

Nilicheka huku machozi yananitoka. Nilimwomba msamaha kwa lile neno la ulevi, hapo hapo, kwa sauti. Akasema, "Kikombe cha leo silipi."

Baada ya hapo hakuficha tena. Msumeno ukianza, alitangaza kama mtu anayetangaza mvua, na kazi ikaendelea. Meneja akaamuru bati la uani lifunikwe nyasi. Na kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: watu wakaanza kumjia. Mwalimu mmoja wa shule ya misheni, mwenye heshima zake na miwani, alikuja akamnong'oneza kwamba naye huona taa zenye meno, tangu utotoni, na hajawahi kumwambia mtu. Wakachorana mavumbini kwa kidole, huyu anachora wake, yule anachora wake, wakalinganisha, wakacheka hadi wakashikana. Nilimsikia Mwonja Nta akisema, "Kumbe si wazimu! Kumbe tuko wengi!" Alirudia maneno hayo wiki nzima, kwa kila aliyenunua chai.

Nilimwona kazini miaka mingi baada ya hapo, akafundisha wengine, akazeeka, akastaafu. Mimi jiko nikamwachia binti yangu. Mara ya mwisho tuliyokwenda ghalani pamoja, bendera ya Mwingereza ilikuwa bado juu, ingawa uhuru ulishaanza kutajwa sokoni bila kunong'ona. Alitaka tu kunusa nta ya msimu. Alitembea kwa fimbo, tukapita barabara ya maduka, maana sasa hakujali.

Uani tulikuta waonjaji watatu, watu wazima wenye familia zao, lakini wapya, hakuna aliyetujua. Walikuwa wameketi safu moja, kila mmoja na donge lake, na wote watatu wamefumba macho, wanatafuna. Foleni inangoja kimya. Mwonja Nta akasimama akiwatazama.

Akasogea mezani, akamega kipande kidogo, akatia mdomoni, huku anaangaza macho huku na huku, anaangalia paa, anaangalia watu. Yule wa kati akafumbua jicho moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, samahani. Hapa nta haionjwi macho wazi."

"Kwa nini?"

Yule bwana akafikiri, na ikaonekana hajawahi kuulizwa. "Ndiyo kazi ilivyo, mzee. Tangu zamani. Mwonja nta wa Tabora hufumba macho. Fumba, utaona tofauti."

Nilivuta pumzi nimwambie anaongea na nani. Vidole vya Mwonja Nta vikanibana kifundo cha mkono, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Akafumba macho. Akatafuna taratibu, uso ameuinua kwenye jua, na uwanja mzima ukamngoja.

"Umeona tofauti?" akaulizwa.

"Nimeona, mwanangu," akajibu. "Ahsante kwa kunifundisha."